Franco Luambo: Bendi yake ilikuwa chuo kisichotoa cheti

Mama Makiese alikuwa akiuza maandazi katika soko la Ngiri-Ngiri jijini Kinshasa, enzi hizo jiji likiitwa Léopoldville. Wenyeji huyaita mikate, madonge madogo ya unga yaliyokaangwa kwenye mafuta, na Mswahili akisikia jina hilo anaweza kudhani anauziwa kitu kingine. Mumewe, mfanyakazi wa reli, alifariki dunia mwaka 1949 na kumwachia watoto. Kuanzia hapo riziki ya nyumba ilitoka kwenye karai lile.

Mwanawe wa kiume, François Luambo Makiadi, alizaliwa Julai 6, 1938 katika mji mdogo wa Sona-Bata, kwenye njia ya reli iendayo bandari ya Matadi. Akiwa bado mtoto alijitengenezea gitaa la kopo kwa nyaya za umeme zilizochunwa ganda. Mama hakumfukuza na kelele zake. Alimkalisha kando ya meza ya maandazi apige. Watu walisimama kumtazama mtoto, na aliyesimama hakuondoka mikono mitupu.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya kwanza ya mtu ambaye Afrika nzima ingekuja kumwita Franco, na kwa kiasi kikubwa ndiyo aliyoifanya hadi siku zake za mwisho: kuvuta watu kwa gitaa na kulisha wengi kwa kinachopatikana. Bendi yake ya OK Jazz aliidumisha kwa miaka 33. Walipita humo makumi ya wanamuziki kutoka Kongo zote mbili, wenye asili ya Angola, hata kutoka nchi ambayo leo ni Zimbabwe. Haikuwa na jengo la shule, ada wala mtihani wa mwisho. Lakini kijana aliyekuwa tayari anaishi kwa muziki aliingia pale akiwa hajulikani na kutoka akiwa na jina la kuuzia tiketi. Waliotoka humo walifungua bendi zao Brazzaville, Abidjan, Dar es Salaam, Nairobi na London.

Swali ambalo maisha ya Franco yanaliacha ni la kibiashara kuliko la muziki, na anayeendesha duka lenye jina lake mlangoni atalielewa haraka. Bendi iliyofundisha watu wengi kiasi hicho kusimama wenyewe, kwa nini haikuweza kusimama bila yeye?

Kwanza alikuwa mwanafunzi

Franco hakuwa na shule ndefu. Mwalimu wake wa kwanza wa gitaa alikuwa Paul Ebengo, maarufu kama Dewayon, kijana wa mtaani aliyekuwa na gitaa halisi na aliyeona kwamba mtoto wa mama muuza maandazi ana vidole. Mwingine alikuwa Albert Luampasi, ambaye tayari alikuwa akirekodi. Katika kundi la Dewayon, lililoitwa Watam, Franco alikuwa akipanda jukwaani kabla hajabalehe vizuri. Gitaa lilikuwa kubwa kuliko kifua chake.

Wakati huo studio za Léopoldville zilikuwa mikononi mwa wafanyabiashara wa kigeni. Mgiriki Nicolas Jéronimidis alifungua Ngoma mwaka 1948. Mgiriki mwingine, Basile Papadimitriou, akafungua Loningisa. Hawa walikuwa watu wa dukani. Waliona kwamba Mkongo anayepata mshahara wa mjini ananunua gramafoni, na mwenye gramafoni lazima anunue santuri, tena kila mwezi, na bora santuri hiyo iwe ya lugha yake. Ili wasikose bidhaa waliajiri vijana wa kukaa studio, wakiwapa ala na kuwalipa kwa wimbo au kwa mwezi.

Mwaka 1953, akiwa na miaka 15, Luambo aliingia Loningisa. Msimamizi wa wanamuziki pale alikuwa Henri Bowane, mpiga gitaa aliyekwisha kupata umaarufu pamoja na Wendo Kolosoy kwa kibao cha Marie-Louise. Bowane ndiye aliyelifupisha jina François likawa Franco. Pale studio palikuwa na kundi la nyumbani lililojulikana kama Bana Loningisa, yaani watoto wa Loningisa. Kijana alikaa na wakubwa, akarekodi wimbo wa huyu asubuhi na wa yule mchana, akajifunza kwamba mpigaji anayetaka kula lazima awahi, ashike wimbo mpya haraka na asiharibu santuri ya mwenzake.

Ni vyema kukumbuka jambo hili unapomtazama Franco wa miaka ya baadaye, mwenye bendi ya watu zaidi ya 30. Mfumo ule aliukuta. Aliuchukua kutoka kwa Wagiriki wale, akatoa mwenye duka na kujiweka mwenyewe mahali pake.

Vijana wa ng'ambo ya mto

Juni 1956 baadhi ya vijana wa Loningisa waliokuwa wakipiga katika baa iitwayo OK waliamua kuwa bendi kamili. Jina likawa rahisi: OK Jazz. Tarehe inayotajwa ni Juni 6. Franco alikuwa hajatimiza miaka 18, na hakuwa kiongozi. Kiongozi wa kwanza alikuwa Jean-Serge Essous, mpulizaji wa klarineti na saksafoni, na sauti kubwa ya kuimba ilikuwa ya Vicky Longomba.

Essous alitoka Brazzaville. Vivyo hivyo mpiga tumba Saturnin Pandi, na Daniel Loubelo aliyejulikana kama De la Lune. Miji hii miwili inatazamana. Kati yake kuna Mto Kongo tu, na mtu aliyesimama gatini upande mmoja anaona majengo ya upande wa pili. Lakini upande mmoja ulitawaliwa na Mbelgiji na mwingine na Mfaransa, kwa hiyo kijana aliyevuka kwa kivuko kwenda kupiga muziki Léopoldville alikuwa akifanya kazi nchi ya kigeni, kama anavyofanya leo mtu wa Gisenyi anayeshinda Goma.

Waliovuka walikuwa na sababu. Léopoldville ndiko kulikokuwa na studio, baa nyingi zaidi na wanunuzi wengi zaidi wa santuri. Mbali na Wabrazzaville hao alikuwapo Isaac Musekiwa, mpuliza saksafoni aliyetoka Rhodesia ya Kusini, ambaye alijiunga katika miaka ya mwanzo na kubaki miaka mingi. Ndani ya chumba kimoja cha mazoezi palikuwa na watu waliokulia chini ya wakoloni watatu tofauti, na lugha ya kazi ilikuwa Kilingala.

Bendi ilikuwa haijafikisha mwaka Essous akahama. Franco mwenyewe alifungwa mwaka 1958 kwa kosa la kuendesha chombo cha moto bila leseni. Mwaka uliofuata, upepo wa uhuru ulipoanza kuvuma pande zote mbili, wanamuziki wa Brazzaville waliamua kurudi kwao. Agosti 1959 walianzisha Les Bantous de la Capitale, wakiwamo Essous, Pandi, De la Lune, Nino Malapet, Edo Nganga na Célestin Kouka. Bendi hiyo ikawa fahari ya Brazzaville. Mwaka 1960 Vicky Longomba naye akaenda Ubelgiji na kundi la Joseph Kabasele, wakati viongozi wa Kongo walipokuwa Brussels kujadili uhuru wao.

Kwa bendi nyingine huo ungekuwa mwisho. Waanzilishi karibu wote walikuwa wameondoka, na aliyebaki na jina la OK Jazz alikuwa kijana wa miaka 22. Hapo ndipo Franco alipoanza kujenga kile kilichokuja kuitwa chuo. Hakukianzisha kwa kupenda kufundisha. Alikuwa na mapengo ya kuziba.

Namna bendi ilivyofundisha

Mwaka 1961 alimpata Simaro Lutumba, mpiga gitaa la rhythm na mtunzi wa mashairi mazito. Simaro alikaa hadi mwisho, akawa makamu wake. Mwaka 1963 akaja Verckys Kiamuangana na saksafoni yake. Wakafuata Michel Boyibanda na Youlou Mabiala kutoka Brazzaville, kwa sababu kuondoka kwa wale wa kwanza hakukufunga kivuko. Vicky Longomba naye alirudi, akaondoka tena.

Kanuni ya Franco ilikuwa kutoacha nafasi yoyote mikononi mwa mtu mmoja. Kadiri bendi ilivyokua, kila idara ilikuwa na wawili au watatu: wapiga solo kadhaa, waimbaji safu nzima, wapulizaji wa kutosha kugawana usiku. Mtu akiugua, akigoma au akihama, onyesho linaendelea. Kwa mwenye bendi hiyo ilikuwa bima. Kwa kijana mpya lilikuwa darasa, kwani alikaa miezi au miaka karibu na anayemzidi, akipiga sehemu ileile kila usiku, akisubiri siku ya zamu yake.

Na kulikuwa na mengi ya kusikiliza. Franco alikuwa akikung'uta nyuzi kwa kidole gumba na cha shahada, mara nyingi nyuzi mbili kwa pamoja, kwa mkazo uliofanya gitaa lisikike kama linagombana na mtu. Mpinzani wake wa enzi hizo, Docteur Nico wa African Jazz, alipiga kwa ulaini na nakshi nyingi. Wapenzi wa muziki waligawanyika kati yao, na mgawanyiko huo ulifika hadi huku kwetu, ambako wapiga solo wa bendi za Tanzania na Kenya waliiga ama huyu ama yule. Katika OK Jazz kati ya solo na rhythm palikuwa na gitaa la mi-solo, linalojaza katikati. Wimbo ulianza polepole kwa maneno, kisha ukafunguka katika sebene, ambapo magitaa yanazunguka sentensi fupi moja huku wapulizaji wakijibu. Anayeshindwa kushika mzunguko huo kwa dakika kumi bila kuyumba hakuwa na nafasi.

Jambo la pili ni utunzi. Wakubwa wengi wa muziki huwafanya waimbaji wao kuwa wapokeaji tu. Franco aliwaachia wenzake watunge, na nyimbo zao zikatoka kwa majina yao. Simaro alitunga Mabele, iliyotoka mwaka 1974, na sauti iliyoibeba ni ya Sam Mangwana. Josky Kiambukuta na Ndombe Opetum, walioingia katika miaka hiyohiyo ya 1970, nao walikuwa watunzi kamili. Ukisikiliza santuri za OK Jazz za kipindi hicho bila kutazama jalada, mara nyingi unachosikia si kazi ya Franco. Hilo liliifanya bendi iwe na bidhaa nyingi sokoni, na liliwafanya waliotoka waondoke na mtaji wa nyimbo vichwani mwao.

Mfano mzuri wa subira ya pale ni Madilu System. Alijiunga mwaka 1980, baada ya kuzunguka bendi kadhaa ndogo bila kutikisa. Kwa miaka alikuwa mmoja tu kati ya waimbaji wengi. Katikati ya muongo huo Franco alianza kumweka mbele, wakiimba kama watu wanaojibizana, Franco akizungumza kwa sauti nzito na Madilu akilalamika kwa sauti nyembamba. Mwaka 1985 ikatoka Mario, kisa cha kijana mwenye elimu anayelelewa na mwanamke tajiri aliyemzidi umri. Ilivuka mipaka yote. Kinshasa, Nairobi na Dar es Salaam jina Mario likawa neno la mtaani kwa mwanaume wa aina hiyo. Madilu aliingia bendini akiwa na miaka chini ya 30 na hana jina, akatoka akiwa nyota wa peke yake, na alibaki hivyo hadi alipofariki mwaka 2007.

Palikuwa na watu ambao chuo hiki hakikuwapa nafasi. Wanawake walijaa ndani ya nyimbo, wakisutwa, wakihurumiwa, wakionywa, lakini jukwaani walikuwa wachache sana, na waliofika, kama Jolie Detta mwaka 1986, walifika bendi ikiwa inaelekea ukingoni.

Ala za mwenye bendi

Wafanyabiashara watauliza wanamuziki hao walilipwaje. Utaratibu wa bendi nyingi za Kongo ulikuwa mmoja: ala ni mali ya mwenye bendi, na mwanamuziki ni mtu wa mshahara na posho ya onyesho. Kijana asiye na gitaa lake hawezi kuondoka hata akikasirika. Mwenye bendi ndiye anayeingia mkataba, anayepokea fedha za santuri na anayeamua nani asafiri. Loningisa ilipofungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, Franco alianzisha lebo zake, zikiwamo Epanza Makita na Boma Bango, na hivyo akawa mwajiri na mchapishaji kwa wakati mmoja.

Migogoro haikukosekana. Verckys aliondoka mwishoni mwa miaka ya 1960, akaunda Orchestre Vévé, kisha akawa mfanyabiashara wa muziki anayewekeza katika bendi za vijana. Alijifunza kwa Franco saksafoni na hesabu pia. Sam Mangwana, aliyezaliwa Kinshasa kwa wazazi wahamiaji, mama yake akitoka Angola, alikuja mwaka 1972 akitokea upande wa Tabu Ley, na mashabiki wa Tabu Ley wakamwona msaliti. Miaka michache baadaye akahama tena, akaenda Afrika Magharibi, na mwaka 1978 alikuwa Abidjan na African All Stars, kundi lililochanganya Kilingala na lugha za pwani ile na kuuza mno.

Franco aliwachukulia waondokao kwa namna mbili. Alikasirika, mara nyingine akawatungia wimbo wa kuwasema. Kisha aliwafungulia mlango wakitaka kurudi. Mangwana mwenyewe alirudi kurekodi naye mwaka 1989, Franco akiwa mgonjwa.

Karibu na mkuu wa nchi

Haiwezekani kueleza kudumu kwa bendi hii bila kumtaja Mobutu Sese Seko. Uhusiano wao haukuwa wa kirafiki tangu mwanzo. Juni 1966 wanasiasa wanne, akiwamo waziri mkuu wa zamani Évariste Kimba, walinyongwa hadharani Kinshasa mbele ya umati. Franco akatoa wimbo kuhusu mchawi anayekula watu wake, Luvumbu Ndoki. Wimbo ulipigwa marufuku, na mwimbaji akavuka mto kukaa Brazzaville hadi mambo yalipotulia. Safari hii mwajiri ndiye aliyepanda kivuko.

Baada ya hapo alijifunza kukaa karibu na serikali. Nchi ilipoitwa Zaire mwaka 1971 na raia kuamriwa kuacha majina ya Kizungu, alijiita L'Okanga La Ndju Pene Luambo Makiadi. Aliimba kuisifu siasa ya Mobutu, na mwaka 1984 alitoa wimbo wa kumnadi Mobutu katika uchaguzi ambao mgombea alikuwa mmoja tu. Alipata faida. Novemba 1973 Mobutu alipotangaza kuzichukua biashara za wageni na kuwagawia raia, Franco alikuwa miongoni mwa waliopewa: akakabidhiwa Mazadis, kiwanda cha kuchapisha santuri. Wafanyabiashara wa kigeni waliokuwa wamejenga soko la muziki, Wagiriki na Wareno, waliondoka na mikoba. Katika miaka iliyofuata uchapishaji wa santuri Kinshasa uliporomoka, na Franco mwenyewe akawa anarekodi na kuchapisha zaidi Ulaya. Kipaji cha kuongoza bendi hakikumfanya awe mtu wa viwanda.

Eneo lake halisi lilikuwa Un Deux Trois, jengo la ghorofa alilolisimamisha Kinshasa katika miaka hiyohiyo, lenye ukumbi wa dansi ambao ndio ulikuwa nyumbani kwa bendi. Kufikia wakati huo jina lilikuwa limerefushwa kuwa TPOK Jazz, herufi mbili za mwanzo zikimaanisha wenye nguvu zote.

Lakini fadhila ya mkuu ina kamba. Mwaka 1978 nyimbo mbili za matusi, Hélène na Jacky, ambazo hazikukusudiwa kupita redioni, zilizunguka mjini kwa kaseti. Franco na baadhi ya wanamuziki wake wakafungwa, na nishani aliyokuwa ametunukiwa ikaondolewa. Aliachiwa baada ya miezi michache, na mwaka 1980 akawa tayari anaitwa kwa heshima Grand Maître, mwalimu mkuu wa muziki wa Zaire. Cheo hicho kilikuwa cha sifa, lakini kwa kazi aliyokuwa akiifanya kilimfaa kuliko nishani.

Wahitimu walivyofika kwetu

Katika miaka ya 1970 na 1980 uchumi wa Zaire ulipozidi kubana, wanamuziki wengi walielekea mashariki kutafuta kazi. Wengi wao walitokea Lubumbashi, Likasi na Kindu na hawakuwahi kupita kwa Franco, ingawa walipiga nyimbo zake ili wapate chakula. Waliopita kwake walikuwa wachache, na anayestahili kutajwa kwanza ni Mose Se Sengo, aliyejulikana kama Fan Fan.

Fan Fan aliingia OK Jazz katika miaka ya 1960, akiwa miongoni mwa wapiga solo waliokaa karibu kabisa na mwenye bendi, na ndiye aliyetunga Dje Melasi, kimoja cha vibao vya kipindi hicho. Aliondoka mwanzoni mwa miaka ya 1970, akaanzisha Somo Somo, kisha akashika njia ya mashariki hadi Tanzania. Dar es Salaam alipiga na Orchestra Makassy, bendi ileile aliyokuja kujiunga nayo Remmy Ongala kutoka Kindu mwaka 1978. Baadaye Fan Fan alifika Kenya, na katika miaka ya 1980 akahamia London na kuifufua Somo Somo huko akiwa na wanamuziki wa Kiingereza. Alichokishika mezani kwa Franco alikifundisha kwa watu wasiojua hata neno moja la Kilingala.

Njia nyingine ilikuwa ya damu. Lovy Longomba, mtoto wa Vicky, mwimbaji wa kwanza wa OK Jazz, alikuja kufanya muziki Kenya, na wanawe wakajulikana katika miaka ya 2000 kama The Longombas. Vijana wa Nairobi waliocheza muziki wao hawakuwa na sababu ya kufikiria baa ya Léopoldville ya mwaka 1956.

Jina lilipokosa mwenyewe

Katika miaka ya 1980 TPOK Jazz ilikuwa kubwa kiasi kwamba iligawanywa, kundi moja likibaki Kinshasa na jingine likiwa Ulaya na Franco. Mtu mmoja alikuwa akishika mikataba, ratiba, lebo, ukumbi na mishahara ya familia nyingi. Mwaka 1987 alitoa Attention na SIDA, onyo refu kuhusu ukimwi, wakati viongozi wengi barani walikuwa hawajathubutu kulitamka neno hilo. Kuanzia hapo afya yake ilidhoofika, na mwili mkubwa uliozoeleka kwenye majalada ukapungua mbele ya macho ya watu. Septemba 1989 alipanda jukwaa jijini Amsterdam akiwa hawezi kupiga kwa muda mrefu. Alifariki dunia Oktoba 12, 1989 katika hospitali mjini Namur, Ubelgiji, akiwa na umri wa miaka 51. Serikali ya Zaire ilitangaza siku nne za maombolezo, redio ikipiga nyimbo zake, na maelfu walijipanga barabarani kumzika Kinshasa.

Wanamuziki walibaki, na wote walikuwa wakomavu. Simaro alikuwepo, Josky, Ndombe, Madilu. Kwa uwezo wa kupiga, kuimba na kutunga hakukuwa na bendi iliyowazidi. Waliendelea kwa miaka minne. Lakini jina, ala na haki za nyimbo vilikuwa vya marehemu, maana yake vya familia, na pande hizo mbili hazikuelewana kuhusu mgawanyo wa mapato. Mwishoni mwa 1993 wakatengana. Januari 1994 Simaro na wenzake walianzisha bendi mpya wakaiita Bana OK, watoto wa OK, jina lililofanana na lile la Bana Loningisa ambalo Franco alilikuta studio alipokuwa na miaka 15. TPOK Jazz kama bendi hai ikaishia hapo.

Les Bantous de la Capitale, iliyoanzishwa na wale waliovuka mto mwaka 1959, ilikuwa bado ikipiga. Haikuwahi kuwa ya mtu mmoja.

Simaro Lutumba alifariki dunia Paris mwishoni mwa Machi 2019. Wiki chache baadaye, mwezi Mei, Fan Fan naye akafariki jijini Nairobi.